Abee ya Jalila

Wataniambia nimezidisha ukali. Waache waseme. Mimi Mwanarusi binti Shee nimeuza mahamri mtaani Shika Adabu miaka thelathini, na hakuna mteja aliyewahi kunisifu kwa maneno matamu. Basi nisikilizeni hivyo hivyo nilivyo.

Jalila ni mwanangu wa mwisho. Alipozaliwa, muuguzi alimtazama macho, akamgeuza viganja, akaniambia, "Mama, huyu atakuwa nyuma kidogo." Kidogo! Alitembea akiwa na miaka minne. Kliniki walimpima kichwa, wakaandika kitabuni, wakaniambia nirudi baada ya miezi mitatu. Nikirudi, wanampima kichwa tena. Nikawaambia jamani, kichwa mmekiona, na yeye mwenyewe je? Wakaniambia foleni ni ndefu, nipishe wengine.

Alipofika miaka minane wakampokea shuleni, kwenye chumba cha nyuma ya stoo wanachokiita kitengo maalum. Hapo sina la kulaumu. Mwalimu Ruth, mwanamke wa bara, alimfunza kufunga vifungo na kushika kijiko, Mungu amlipe. Lakini alipotimiza miaka kumi na minane wakamfanyia sherehe, wakampa cheti na sahani ya pilau, wakaniambia sasa amekuwa mtu mzima, shule imekwisha. Nikauliza, baada ya hapa watu hawa huenda wapi? Mwalimu Ruth akanifungia pilau nyingine ya kwenda nayo. Basi tukarudi nyumbani na cheti chetu, na kwa miaka sita hakuna afisa hata mmoja aliyebisha hodi kuuliza kama yule msichana yu hai.

Nami sikukaa kumlilia. Nisingeweza kumpa akili, lakini adabu ningeweza kumpa, na adabu nilimpa. Katika nyumba yetu mtoto wa kike akiitwa hasemi "nini?" wala "ee?" kama aliyelelewa stendi. Huitika "abee". Neno hilo moja nilimfunza Jalila kwa miaka saba. Namwita, namtamkia, namwita tena, asubuhi na jioni, huku mafuta yanachemka. Siku aliyoitika mwenyewe bila kutamkiwa, niliangusha mwiko nikalia mbele ya wateja. Wallahi nililia. Tangu hapo ukimwita, awe uani, awe chooni, awe nusu usingizini, utasikia, "Abee mama!", na ile "mama" aivuta kidogo kama anayeanza kuimba. Majirani walikuwa wakimwita bila haja yoyote, wapate tu kuisikia.

Baada ya abee nikamfunza shikamoo. Baada ya shikamoo nikamfunza maneno ya kusema akipotea: "Naitwa Jalila binti Athman. Nakaa Shika Adabu, nyuma ya msikiti. Mamangu yuwauza mahamri." Babake alikwishafariki, na mimi usiku nilikuwa naona picha za Jalila amepotea kule feri katikati ya watu. Ndiyo sababu.

Mwaka huu sukari ikanishukia mguuni. Kidonda kimoja kidogo kisiginoni, nikakipuuza, kikawa si kidogo tena. Daktari akaniambia bila kuzunguka kwamba mguu utakatwa chini ya goti, nitalazwa wiki nyingi, na nikitoka nisitegemee kusimama mbele ya karai la mafuta. Mimi habari ya mguu sikuuliza. Nikamuuliza, "Na mwanangu nitamwacha na nani?" Akasema hilo si la idara yake.

Nilimpigia simu Anwar, mwanangu mkubwa, yuko Kiembeni na familia yake. Akasema, "Mama, unajua mke wangu ana watoto wadogo." Nikamwambia salamu zake zimefika, nikakata.

Aliyenisaidia ni Pascalia, jirani yangu, mtu wa bara anayeuza mboga pembeni ya meza yangu. Alikuja na habari kwamba kimefunguliwa kituo cha serikali cha watu wazima walio kama Jalila. Wanalala huko, wanakula, wanapewa dawa, kuna wanawake wa kuwaangalia. Nafasi ni ishirini. Lakini lazima mtu apimwe kwanza na jopo, na karatasi iandikwe kwamba anahitaji uangalizi wa kudumu. Bila karatasi hiyo, hata getini hupiti.

Siku ya kupimwa ilikuwa Alhamisi. Nisikilizeni nilivyokosea.

Nilimwogesha tangu alfajiri. Nikamsuka nywele, nikamvisha gauni lake la Idi, nikamfukiza udi, nikamfunga leso mpya. Kwetu humtoi mwanao mbele za watu kama gunia la makaa. Tulipoingia ndani tukawakuta watatu mezani: daktari, mwandishi, na afisa mmoja wa miwani anayeitwa Phoebe. Phoebe si mtu mbaya, sitamzulia. Alikuwa na sauti ya mtu aliyekwisha sema maneno yale yale mara arubaini tangu asubuhi.

"Jina lako nani?" akauliza.

"Shikamoo," akasema Jalila, akainama na mkono wake akautoa.

Wote wakacheka kwa furaha. "Marahaba! Haya, jina lako?"

"Naitwa Jalila binti Athman. Nakaa Shika Adabu, nyuma ya msikiti. Mamangu yuwauza mahamri."

Nami, mpumbavu mimi, nikachanua pale kitini.

"Anavaa mwenyewe?"

"Avaa," nikajibu mimi.

"Chooni anakwenda mwenyewe?"

"Aenda."

"Kuna kazi anayoweza?"

"Huyu? Hukanda unga akanishinda mimi!"

Phoebe akitia alama, mimi nikihesabu kila alama kuwa ni sifa. Sikusema kwamba Jalila huanguka kifafa. Sikusema kwamba hukojoa kitandani, na kwamba akiwa mwezini mimi ndiye nimwoshaye. Sikusema kuwa aliwahi kutia mkono kwenye mafuta ya moto kuokota hamri. Hayo ni ya ndani ya nyumba. Aibu ya mwanao waisitiri. Huitangazi mbele ya watu watatu na mlango uko wazi, na mwanamume mmoja wao.

Baada ya wiki mbili barua ikaja. Mimi kusoma si kwangu, akanisomea Pascalia. Ulemavu mdogo. Ana uwezo wa kujitegemea. Anashauriwa ajiunge na kikundi cha vijana cha mtaani kwake.

"Soma tena," nikamwambia.

Akasoma tena. Jalila alikuwa kando yetu akichambua mbaazi, akila mbichi.

"Mama Jalila," akasema Pascalia, "ulienda huko kama mtu anaenda harusi. Hawa watu hawaangalii urembo, wanaangalia shida. Hapa wanasema una siku thelathini za kukata rufaa. Rudi. Lakini usimwogeshe. Na asisalimie mtu, asijibu kitu. Akifungua mdomo tu, mmeanguka tena."

Nilimfukuza uani kwangu. Nilimwambia huko kwao labda ndivyo wanavyolea, lakini huku mwanangu hatafanywa mwehu ili watu waridhike. Siku mbili tuliuza meza kwa meza bila salamu. Siku ya tatu hospitali wakanipigia simu: kitanda kimepatikana, tarehe kumi na tisa, nisipofika kidonda kitapanda juu ya goti. Nikaenda mezani kwake nikamwomba radhi. Pascalia ana moyo. Alinikatia fungu la mchicha, akasema yameisha.

Basi nikaanza kumfunza Jalila upya.

"Jalila!"

"Abee mama!"

"La. Ukiitwa, nyamaza."

Akacheka. Alidhani ni mchezo.

"Jalila!"

"Abee mama!"

Siku ya kwanza hivyo, siku ya pili hivyo. Nilimbembeleza, nikamnyima hamri, nikamkemea. Ikawa kila nikimkemea ndivyo anavyoitika kwa nguvu zaidi, maana alijua kuitika ndiko kunakonifurahisha. Angejuaje lingine? Miaka yote hiyo nilimwambia nini? Siku ya tatu nilimwita, akaitika, nikampiga kofi la mdomo.

Mkono huu ulikuwa haujawahi kumpiga Jalila. Akaziba mdomo wake kwa mikono miwili, akanikodolea macho. Nikataka kumkumbatia. Badala yake nikamwita tena.

"Jalila!"

Kimya.

"Hivyo hivyo, mwanangu," nikamwambia, nikampa hamri. Alilila polepole, jicho liko kwangu.

Siku tano tu. Abee ilinichukua miaka saba kuiingiza, na kuitoa kulinichukua siku tano.

Tulirudi kwenye jopo siku nyingine ya Alhamisi. Jalila hakuoga siku nne. Nywele nilizifumua nikaziacha, gauni lina madoa ya mchuzi. Kwenye feri watu walijitenga nasi, mama mmoja akamvuta mtoto wake. Nilikuwa na buibui langu safi nami nikatamani sakafu ya feri ipasuke. Mezani walikuwa wale wale watatu, na wala hawakumkumbuka.

"Jina lako nani?" akauliza Phoebe.

Kimya. Jalila akanitazama. Nami nikaangalia ukutani.

"Unakaa wapi?"

Kimya.

Ndipo nikafungua mdomo wangu. Nikasema yote. Nikasema ya kifafa, nikasema ya kitandani, nikasema ya damu. Nikaushika mkono wake nikauvuta mezani waone kovu la mafuta. Nikasema hata lile ambalo hata Anwar halijui, kwamba kuna mwanamume alimwita kwa chupa ya soda, akamfuata hadi kwenye nyumba isiyokwisha kujengwa, na fundi mmoja akatokea kwa rehema ya Mungu. Kalamu ya Phoebe ilikuwa ikikimbia. Jalila haelewi mengi, lakini sauti yangu aielewa. Machozi yalikuwa yakimtiririka, na hata mlio mmoja haukumtoka. Nilikuwa nimemfunza vizuri.

"Mama," akasema Phoebe, "mbona mara ya kwanza hukutuambia haya?"

"Mara ya kwanza nilikuja na mwanangu," nikamjibu.

Hakunielewa. Akamsogezea Jalila kikaratasi cha kujifutia, akanipa mkono, akasema safari hii tumeelewana.

Karatasi ikatoka ikiwa na maneno yale yale tuliyoyataka: uangalizi wa kudumu. Tarehe kumi na saba nikampeleka kituoni na mfuko wake wa nguo. Tarehe kumi na tisa nikakatwa mguu.

Nililala hospitali wiki saba. Maumivu nayajua mimi na Mungu wangu, lakini usiku yule wa kitanda cha pili akiniuliza nalia nini, haukuwa mguu. Nilikuwa najiambia, akirudi mikononi mwangu nitamfunza tena. Kama aliweza mara moja, ataweza mara ya pili. Mimi nina mdomo bado, mguu hauhitajiki kwa kufunza. Nilipanga hata pa kuanzia.

Nilipotoka, Pascalia alikopa kiti cha magurudumu kanisani kwao, akanisukuma hadi kituoni kabla ya adhuhuri. Mahali ni safi, sitasema uongo. Vitanda vina vyandarua, sakafu inang'aa, jikoni pananukia maharagwe. Mwangalizi mmoja, mwanamke wa makamo aitwaye Nyambura, alitupokea vizuri akanionyesha njia. Jalila alikuwa ameketi kwenye benchi kivulini. Wamemnyoa nywele kwa sababu ya chawa, amevaa gauni la kijani kama wenzake. Amenona kidogo.

"Jalila!" nikaita.

Akainua kichwa. Aliniona. Midomo yake ikaanza kufunguka, wallahi niliiona kwa macho yangu haya, ikawa kama yaja. Kisha akamtazama Nyambura na koti lake jeupe, akanitazama mimi, akaziba mdomo wake kwa mikono miwili.

"Jalila, ni mama. Itika, mwanangu."

Akaibana mikono zaidi.

"Itika. Sitakupiga."

Pascalia nyuma yangu alikuwa amekwisha anza kulia. Nikamwita mara ya tatu, na ya nne, kwa sauti ile ile ya asubuhi za mafuta na unga, mpaka wenzake wakaanza kuitika kwa niaba yake, huyu "ee", huyu "naam", na yeye macho yamemtoka na mikono iko mdomoni.

Nyambura akaniwekea mkono begani kwa huruma. "Usijisumbue, mama," akasema. "Huyu hasemi. Imeandikwa kwa faili yake."

Nikamwambia najua.