Alhamisi, Saa Tisa Alasiri

Mume wangu Damiani alipopunguzwa kazi reli mwaka tisini na saba, wenzake walirudi makwao na mabati, baiskeli, na mmoja alirudi na mke wa pili. Yeye alirudi Tingi na sanduku la ratiba. Ratiba za treni, zilizopigwa chapa, moja kwa kila mwaka tangu alipoanza ukarani wa stesheni kule Tabora hadi mwaka tisini na sita. Tulilibeba sanduku lile mpaka wilaya ya Kilwa, ambako ukitafuta hata msumari wa reli huupati.

Nilivumilia. Nikaanza kukaanga korosho na kuwauzia abiria wa mabasi ya Lindi pale barabarani. Siku moja karatasi za kufungia ziliniishia, nikachana kurasa chache za mwaka themanini na saba. Nilichagua za njia ya Mpanda, nikidhani hakuna mtu wa Tingi atakayekosa treni ya Mpanda kwa ajili yangu. Damiani hakunisemesha siku tisa. Siku ya kumi alinisemesha ili kuniambia kwamba zilikuwa tisa.

Kazini alikuwa na daftari lenye safu mbili. Kushoto aliandika saa ambayo treni ilitakiwa kufika, kulia saa iliyofika kweli, na alijivunia kwamba upande wa kulia hakuwahi kudanganya hata dakika moja. Basi daftari nalo likaja Tingi. Chakula cha mchana: ratiba, saa saba, kufika, saa nane kasoro kumi. Ndoa yangu imeandikwa hivyo ukurasa kwa ukurasa, na kwa kweli mara nyingi mimi ndiye treni.

Mwaka elfu mbili na tatu, binti yetu Consolata, aliyeolewa hukohuko Tabora, alituandikia barua kwamba angeondoka Jumatatu ya wiki fulani kuja kutuonyesha mtoto wake wa kwanza, wa kike. Sasa, kwenye ukoo wa mume wangu mjukuu wa kwanza haingii nyumbani kwa mikono ya mama yake. Babu anampokea barabarani, anambeba, na akivuka kizingiti analitaja jina. Babu asipokuwepo, ndugu yake anashika nafasi, na jina atakalolitaja halibadilishwi hata na padri.

Damiani alikuwa na jina tayari. Fortunata, jina la mama yake. Mama huyo alikufa mwaka themanini na nne sisi tukiwa Tabora. Tulipata simu ya maandishi, Damiani akapanda treni ya kwanza, akavuka Rufiji kwa kivuko, akadandia lori la chumvi, na alipofika Tingi mama alikuwa na siku mbili kaburini. Hakuna aliyejua anafika lini, wakazika. Tangu mwaka ule kila ratiba mpya ilipotoka alituma nakala nyumbani kwa posta, na kila nakala ilikaa juu ya kabati bila kufunguliwa.

Mdogo wake Fidelis naye alikuwa na jina. Fidelis ndiye mtu wa kwanza Tingi kumiliki simu ya mkononi, na kwa kuwa mtandao ulipatikana juu ya kichuguu cha nyuma ya shule tu, alikuwa akiishi huko kama mchwa. Alitaka mtoto aitwe Milenia, miaka mitatu baada ya milenia yenyewe kufika na kutukuta tulivyo.

Damiani alifungua ratiba ya tisini na sita mezani, akavaa miwani. "Jumatatu jioni treni inatoka Tabora. Jumanne usiku iko Dar. Jumatano anapumzika kwa shangazi yake. Alhamisi basi, saa tisa alasiri yuko hapa."

"Kitabu hicho kina miaka saba, baba Konso," nikamwambia.

"Na reli ina miaka mingapi?"

Jumanne Fidelis alishuka kutoka kichuguuni akihema. "Kaka, nimepata meseji ya mkwe. Siku za treni zilishabadilishwa. Konso kapanda basi, na halali kwa shangazi. Kesho mchana yuko hapa."

Damiani hakuinua hata kichwa. "Mwanangu amezaliwa hatua mia mbili kutoka stesheni. Hawezi kutoka Tabora kwa basi."

"Basi usipokuja kesho, mimi nitakuwepo," Fidelis akasema, na aliyasema kwa adabu zote, ndiyo maana nilitamani kumpiga na mwiko.

Nilimbembeleza mume wangu jioni ile, nikamgombeza, nikamwambia jina la mama yake linakwenda na maji kwa sababu ya ukaidi. Alinyoosha koti lake la reli, lile lenye vifungo vya shaba, akalitundika ukutani kwa ajili ya Alhamisi. Jumatano asubuhi alichukua jembe akasema anakwenda kupalilia mikorosho.

Fidelis alikuwa barabarani tangu saa nne, amevaa shati jeupe, simu mkononi ingawa pale haikushika chochote. Mimi nilikaa na ungo wangu wa korosho, nimenuna. Basi likaja mchana, likasimama mbele ya mashine ya kusaga, na binti yangu akashuka na mtoto ndani ya blanketi la njano.

"Shikamoo mama. Shikamoo baba mdogo. Baba yuko wapi?"

"Marahaba," nikasema. "Baba yako anakusubiri kesho saa tisa."

Consolata alinitazama, akamtazama Fidelis aliyekwisha kunyoosha mikono, na akaelewa yote. Ni mtoto wa karani. Akaanza kucheka, kisha macho yakamjaa machozi, maana alijua habari ya bibi yake vizuri kuliko mtu yeyote. Akamkabidhi mtoto kwa jirani yetu Mwahija, mwenye nyumba ng'ambo ya barabara, aliyekuwa amesimama akituangalia kama sinema.

"Bi Mwahija, tuhifadhi hadi kesho. Sijafika bado."

"Hujafikaje na nakuona?" Fidelis akauliza.

"Basi ndilo limefika, baba mdogo. Mimi ninafika kesho."

"Shemeji, huu ni uhuni."

"Jina linatajwa kizingitini," nikamwambia. "Kizingiti hajakivuka. Ukitaka kubishana, kakwee kichuguu chako umpigie mkwe."

Akaenda kweli kumpigia mkwe. Vocha ilimwishia kabla hajafika kwenye neno Milenia, na akabaki huko juu amenuna mpaka jua lilipoanza kupoa. Mwahija alimwogesha mtoto, akampikia Consolata wali, akasema katika maisha yake amewahi kuhifadhi kuku wa wizi na mume wa mtu, lakini msafiri ambaye hajafika ndiyo mara ya kwanza.

Damiani alirudi jioni, akaweka jembe chini, akala, akaandika saa ya kula. Niliona uso wake umelegea kidogo nikadhani ni uchovu.

Alhamisi asubuhi nilimpakia Consolata na mtoto kwenye pikapu ya mwenye duka, wapelekwe kijiji kinachofuata upande wa Dar, wapandie huko basi la kuja kwetu. Mtoto tulimvika shuka jeupe la Mwahija, la njano likiwa limekojolewa. Saa nane na nusu Damiani alitoka na koti lake, vifungo vimesuguliwa kwa majivu, na mkononi bendera nyekundu ya stesheni. Watu walicheka. Alisimama wima kandokando ya lami nusu saa, kisha saa nzima, jasho linamchuruzika, na saa tisa ikapita bila basi. Fidelis alikuja kusimama karibu naye bila kusema kitu, na kwa hilo namshukuru mpaka leo.

Saa kumi kasoro dakika ishirini basi lilitokea. Damiani akainua bendera. Dereva alidhani ni watu wa ujenzi wa barabara, akafunga breki zote. Consolata akashuka amechoka uchovu wa kuigiza, na kwa kweli aliigiza vibaya, lakini baba yake alikuwa hamtazami. Alikuwa ameshampokea mtoto. Alitembea naye polepole mpaka kwetu, na sisi nyuma, na alipovuka kizingiti alisema Fortunata, mara moja, kwa sauti ya mtu anayetangaza treni. Kisha akaketi kwenye kiti akalia mbele ya watu wote.

Jioni alipokwenda kuoga nililifungua daftari. Nilitaka kuona kama basi lile ameliandikia kuchelewa dakika arobaini, ili nimcheke. Kushoto kulikuwa na maandishi yake mazuri: Consolata na mtoto, Alhamisi, saa tisa alasiri. Kulia: Jumatano, saa saba na dakika kumi na mbili, mbele ya mashine ya kusaga, blanketi la njano.

Nilikuwa bado nimelishika alipoingia na taulo.

"Ulikuwa wapi jana?" nikamuuliza.

"Nyuma ya mashine. Na jembe langu."

"Ukatuona tunavyohangaika kama wendawazimu, na hukutoka. Je, kama Fidelis angembeba?"

"Ningetoka." Akakaa kitandani. "Mama nilimchelewea siku mbili, mama Konso. Hakuna aliyesubiri. Miaka kumi na tisa najiuliza kama kwenye ukoo huu mimi ni mtu wa kusubiriwa."

Nikalifunga daftari. "Sasa umejua?"

"Nimejua. Nimesubiriwa siku moja, saa mbili na dakika ishirini na nane."

Asubuhi, nilipokwenda kuchukua korosho zangu, nilikuta ndani ya kapu ratiba ya tisini na sita, imechanwa vizuri kwa rula, kurasa zimepangwa tayari kwa kufungia. Ameanza na njia ya Mpanda. Ukurasa wa Tabora haukuwemo, nami sikuuulizia.