Profesa wa Handaki

Gari la Sosthène lilikata roho Jumatatu, na mama mkwe wake alikuwa anatua Jumatano. Mwanamume mwenye akili timamu angeazima gari. Sosthène akaamua kumleta kwa treni, tena akaona ni bahati, kwa sababu hakuna kitu alichopenda kukieleza duniani kama handaki la reli lililo chini ya uwanja wa ndege wa Minneapolis.

Kazi yake ilikuwa kusukuma abiria wa viti vya magurudumu hapo hapo uwanjani, na kila siku alipita handakini kwa treni kutoka jengo moja la abiria kwenda jingine. Wakati wa mapumziko aliangalia video za namna handaki lilivyochimbwa, akasoma hiki na kile, na kufikia mwaka 2017 kanisani walishamwita Profesa. Walimwita hivyo ili aone haya anyamaze. Yeye aliitika.

Mkewe, Goretti, alikuwa nyumbani Eagan na kidonda cha upasuaji, na kichanga kisichojua usiku wala mchana. Alimhitaji mama yake mpaka analia jikoni.

"Umulete hapa moja kwa moja," alisema. "Callixte asimuchukue. Mama namujua. Pale anapofungua sanduku ndipo anapokaa. Akifungulia Blaine, mimi nimekwisha."

Callixte alikuwa mume wa Rachelle, dada mkubwa wa Goretti. Alikuwa na nyumba ya ghorofa huko Blaine na gari lenye viti vinavyopasha makalio moto. Alishapiga simu akicheka: "Ukishindwa na treni yako, Profesa, unibipu tu." Sosthène alijibu kwamba hashindwi, akakata simu kwa hasira.

Mama Rachelle alifika kutoka Phoenix, alikokuwa akiishi na mwanawe wa kiume. Alikuwa amejifunga vitenge viwili juu ya sweta. Yeye na mkwe huyu walikuwa wakisikiana kwenye simu tu, hawajawahi kuonana. Na kwao, mkwe hamkazii macho mama mkwe, wala hamgusi. Husimama kando, uso upande mwingine, na akiwa na neno hulisema akiangalia ukuta. Sosthène aliishika adabu hiyo barabara. Alisalimu akitazama viatu vyake, akabeba masanduku, akatangulia kwenye lifti mpaka chini kwenye kituo.

Treni ilikuwa bado. Profesa akageukia ukuta, akafungua darasa.

"Mama, hapa tuko chini kabisa. Juu yetu kuna mwamba mgumu, na juu ya mwamba ndege zinatembea. Lakini huku chini jiwe ni laini, Mama, ni mchanga tu ulioshikana. Ukikwaruza na ukucha unamwagika! Basi wakaingiza mashine kubwa, ikawa inatafuna, inatafuna, na nyuma yake watu wanapanga zege mbio mbio ili juu kusishuke." Akaupiga ukuta kofi. "Mashimo mawili, Mama, yako bega kwa bega. Wangezembea kidogo tu, puuu!"

Mama Rachelle hakusema kitu. Sosthène akajawa na furaha. Huyu ndiye msikilizaji! Callixte angekuwa amemkatiza mara tatu. Akakohoa, akaingia kwenye sura ya maji, jinsi yanavyopenya na kulegeza mchanga. Alikuwa katikati ya maji hayo mama mmoja wa Kizungu alipomgusa bega na kumwonyesha nyuma yake. Sosthène akasahau adabu, akageuka.

Mama mkwe alikuwa ameketi sakafuni, mgongo kwenye nguzo, mikono yote miwili kichwani.

Hapo ndipo alipokumbuka Kamituga, kule nyumbani kwenye machimbo ya dhahabu. Kwani hakuambiwa? Aliambiwa! Goretti alimwambia huku analia, mwaka wa kwanza wa ndoa: baba yake aliingia shimoni kutafuta dhahabu, udongo ukashuka, na mama akasimama mdomoni mwa shimo mpaka watu wakamrudisha nyumbani kwa nguvu. Na siku ile Sosthène alisema pole. Leo amemshusha mjane huyo chini ya ardhi, akampigia na puuu juu yake. Profesa! Punda angekuwa na nafuu, maana punda hahutubii.

"Nisamehe, Mama," alisema. "Mimi ni mtu wa ovyo. Tupande juu. Nampigia Callixte aje akuchukue."

Akilini alimwona Goretti mlangoni kwao akimngoja mama yake, mtoto begani. Akatoa simu hivyo hivyo. Treni ikaingia, milango ikafunguka, ikafungwa, ikaondoka zake.

"Bale balichimbaka hapa," Mama Rachelle akauliza taratibu, "bote balitoka?"

 Aina ya mawe Sosthène aliijua, mashine aliijua, hata mwaka aliujua.

"Sijui, Mama. Sikuwahi kuuliza kama wachimbaji wote walitoka."

Mama akajifuta uso kwa pindo la kitenge. "Na weye unapitaka humu kila siku?"

"Kila siku, Mama."

"Na mwanangu anabakiaka kukungojea."

"Ndiyo."

 Mama akanyoosha mkono ili ainuliwe. Sosthène akatazama huku na huku kama kuna mtu mwingine wa kuushika, halafu akaushika.

"Acha hiyo simu," Mama akasema. "Tusimucheleweshe. Kungojea, mimi nakujua."

Treni iliyofuata walipanda. Mama Rachelle alifumba macho, akamshika mkwe wake mkono wa koti kwa mikono yake miwili, heshima ikabaki huko huko kituoni. Treni ikaingia gizani. Sosthène, aliyekuwa akipita hapo kila siku anatafuna bazoka, akainua macho kutazama juu, na kwa mara ya kwanza akaogopa. Alitamani mtu yeyote amwambie neno, hata Callixte. Dirishani kukaja weupe wa theluji.

"Tumetoka, Mama."

Mama akafumbua macho, akaiangalia theluji, lakini koti hakuliachia, hata ndani ya basi walilopanda mwisho wa reli, mpaka Eagan. Njia nzima mkwe wake hakumweleza kitu chochote.