Ua la Asumini kwenye Boksi la Spika

Kila asubuhi kabla ya kwenda kazini nilipitia karakana ya Mzee Aidarus hapa Kipawa, nikavua viatu vya ofisini, nikafagia maranda chini ya meza aliyoniazima, kisha nikapiga msasa ubao mmoja au miwili mpaka muda wa kuondoka. Ijumaa ile nilishika ufagio nikakuta pamekwisha kufagiliwa. Boksi langu la spika lilikuwa limesimama juu ya meza, limefungwa pande zote, linang'aa kwa vanishi.

"Nimekumalizia," alisema Mzee Aidarus. "Maana wewe ulikuwa unalipapasa tu kama mtoto wa paka."

Kanisa letu liko njiani mwa ndege zinazotua uwanjani. Ndege ikipita, somo linapotea, na spika kubwa tuliyo nayo inatoa mabesi matupu. Bibi zetu wa viti vya nyuma hubaki kutazamana. Siku moja kwenye mkutano nilinyoosha mkono, mimi ambaye sinyooshagi mkono popote, nikasema naweza kuunda boksi la honi, lenye mdomo mpana kama wa tarumbeta, litakalofikisha maneno mpaka nyuma. Katekista Projestus alikubali tulisikilize Jumamosi jioni. Likishindwa, watanunua spika ya dukani, na mimi sitathubutu tena kufungua kinywa.

Spika ninayoitumia ni moja, ndogo kama kisahani cha chai, na inatoa sauti zote peke yake, nyembamba na nzito. Mbele inazungumza na watu moja kwa moja. Sauti ya nyuma yake inaingia kwenye njia ya mbao iliyokunjwa ndani ya boksi, njia inayoanza finyu na kupanuka kila inapokata kona, hadi inatokea chini kwenye uwazi mpana. Bila njia hiyo sauti haina kifua. Nilikuwa nimeichora, nikakata mbao, nikakosea, nikachora upya.

Sasa uwazi haukuwepo. Mahali pake palikuwa na ubao wa mninga, umebanwa kwa gundi, umechongwa ua la asumini na majani yake.

"Uliacha tundu kubwa," alisema mzee. "Panya wa Kipawa wangezalia humo. Halafu kitu cha kanisani kiende uchi?"

Kila jani lilikuwa na mishipa yake. Nililipitishia kidole.

"Zuri, mzee. Ahsante sana."

Jioni nyumbani nilifunga spika, nikaunganisha amplifaya ndogo, nikacheza sauti ya rafiki yangu Bupe akisoma somo la Jumapili, niliyokuwa nimeirekodi kwenye simu. Bupe mwenyewe alikuwa amekaa kitandani kwangu akijisikiliza.

"Mbona kama nimejifunika blanketi?"

Nikamweleza.

"Si umwambie afungue."

"Ataumia. Hujaona alivyolichonga."

"Clara, wewe mtu akikukanyaga mguu unamwomba radhi. Hebu na wewe kanyaga mtu, mara moja tu."

Nilijaribu kukwepa. Nilichukua rula nikatafuta pa kutoboa tundu jingine, nyuma, ubavuni, juu. Kila nilipopima, njia ilikatika kabla haijapanuka. Asubuhi nikalipakia boksi kwenye bajaji, nikarudi karakana.

Mzee Aidarus alikuwa na mteja aliyekuja kuulizia kitanda.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Huyu hapa sasa, mwenye boksi. Hebu geuza aone lile ua. Linalia?"

"Linalia," nilisema.

Mteja alilisifu. Nikaaga, nikalirudisha boksi kwenye bajaji, dereva akawasha. Nikamwomba azime. Nililishusha boksi, nikaliweka mezani mbele yao wote wawili.

"Mzee, halilii."

"Jana umesema zuri."

"Ua ni zuri. Ila sauti inatokea hapohapo ulipoliweka. Naomba patasi nilitoe sasa hivi, kabla ya jioni." Sikuishusha sauti.

"Na panya?"

"Nitaweka wavu."

Mteja alicheka. Mzee hakucheka. Alinipa patasi, akakunja mikono.

Gundi ya Mzee Aidarus haina mchezo. Nilipenyeza patasi, nikagonga, nikahamia kona nyingine, nikagonga tena, mpaka ubao ukapasuka katikati ya ua. Pole ilinifika mdomoni. Nikaimeza, nikaendelea kugonga mpaka kipande cha mwisho kikaachia.

Nikaunganisha amplifaya niliyokuja nayo, nikacheza tena somo. Bupe alitoka na kifua chake chote. Ndege ikapita chini, mabati yakatetemeka, na maneno yakabaki, moja moja. Mama mshonaji wa ng'ambo ya barabara aliinua kichwa kwenye cherehani.

"Nani huyo anasoma vizuri hivyo?"

Jioni ile Projestus naye angesikia alichosikia mama huyu. Nilikuwa na hakika.

Mzee Aidarus alikuwa amekaa kwenye kigoda, anaunganisha vipande viwili vya ua, anaviachanisha, anaviunganisha.

"Tunaweza kulibandika ubavuni," nilisema. "Huko halizibi kitu."

Aliviweka vipande mapajani.

"Hiyo habari ya panya niliitunga," alisema. "Nilitaka wakikuuliza kanisani nani kachonga, uwaambie ni Aidarus."