Mshonaji Asiye na Sura

Saa nne asubuhi msahihishaji alikuwa ukurasa wa sabini, kalamu nyekundu mkononi, chai imeshapoa, mshonaji alipoingia kiwanda cha uchapaji na kusimama mbele ya meza yake, akapiga hodi.

Msahihishaji alimtambua kwa sauti. Alikuwa amemwandika mwezi mzima katika hadithi yake ya kwanza: mjane mcheshi, mwenye mtoto shule ya bweni. Mikono ilinukia sabuni, kama ilivyoandikwa. Usoni palikuwa laini kama kiganja, hapana jicho wala pua.

"Nisamehe, dada," msahihishaji alisema. "Mimi nikifumba macho sioni kitu. Hata sura ya marehemu mama siipati."

"Sasa hadithi unapendea nini?"

"Maneno ya watu. Wanavyogombana, wanavyopatana. Si lazima nimwone mtu ndipo nilie naye."

"Basi usijali," alisema mshonaji, akavuta kiti.

Mwenye kiwanda alipita, akauliza kama mgeni anajua kukunja karatasi. Alijua. Alikunja kwa kupapasa mpaka jioni, bila kukosea hata moja. Mwenye kiwanda akafurahi: asiye na sura hapigwi picha, asiye na picha hapati kitambulisho, asiye na kitambulisho haandikiwi mkataba. Akafunga lango, mshonaji akiwa ndani.

"Aende wapi?" alisema. "Huyu kweli hana mbele wala nyuma."

Alipojua kwamba mgeni ametoka katika hadithi, akataka aandikiwe wengine watano. Msahihishaji alipokataa, mwenye kiwanda alilichukua daftari la hadithi, akalifungia kwenye kabati la chuma. "Likiungua hili, sijui mwenzako atakuwa wapi."

Msahihishaji akaandika. Alijaribu kuwapa sura. "Macho ya duara, pua nyembamba," aliandika, lakini yalikuwa maneno ya kuazima, na usoni hapakuota kitu. Akaandika kwamba mshonaji anapanda basi kwenda kumwona mwanawe. Mwenye kiwanda akaufuta mstari huo. "Unarefusha bure."

Sasa wako sita. Mchana huketi sakafuni, naye msahihishaji huwasomea riwaya zinazochapwa. Wao hawaoni kitu, yeye haoni kitu, na wote hucheka palepale. Jana walifika mahali mama anapopokea barua ya mwanawe. Mshonaji akamshika mkono.

"Rudia hapo, dada."

Akarudia. Kengele ikalia. Wakainuka, wakarudi kukunja, naye akavuta karatasi safi, kwa kuwa mwenye kiwanda alikuwa ameagiza wengine kumi.