Friza ya Shirika

Maji ya damu yalikuwa yamepenya chini ya friza hadi mlangoni. Rosette alipiga magoti, akayafuta kwa kitenge kikuukuu kabla majirani hawajayaona, lakini harufu ilikwisha kutangulia nje. Ndani ya friza yake mlikuwa na nyama ya shirika lao, jumuiya ya waumini wa parokia, iliyonunuliwa kwa ajili ya kuondoa matanga ya mume wa Jeanine. Katika avenue yao, kijimtaa cha Kadutu, ilikuwa desturi: mwenye friza huwahifadhia wote, na mjane hafungi msiba bila kuwalisha waliolia naye.

Juzi umeme ulififia hata taa zikawa nyekundu kama makaa. Kisha ukarudi kwa nguvu, friza ikatoa moshi, na transfoma iliyo juu ya kilima ikazimika.

Guylain, fundi wa kampuni ya umeme, alifika na ngazi. Hakuipanda. Aliuliza ni nani mwenye friza, na Ezéchiel, chef aliyeiongoza avenue, akamwelekezea Rosette kidevu.

Rosette alieleza kwamba taa zilianza kufifia tangu kampuni ilipouunganisha mtaa mwingine kwenye transfoma ileile. Guylain alimsikiliza huku akitazama simu yake, halafu akasema kwamba wakubwa wake hawatoi fyuzi mpya mpaka mkosaji apatikane. Kosa likiwa la kampuni, habari itapelekwa Kinshasa, nao wakazi watasubiri gizani.

Ezéchiel alimvuta Rosette kando.

"Maman Rosette, sema tu ni congélateur yako, friza hii, ndiyo iliharibisha. Watoto wetu wako na examen ya shule. Kesho Jeanine atapokea wageni mu giza?"

"Papa Ezéchiel, unajua si miye."

"Najua. Lakini weye ni mama wa shirika. Saidia watu."

Jeanine alisimama kati ya wanawake, amevaa nguo nyeusi, mkono puani. Rosette alimtazama akitumaini walau neno moja. Jeanine aliinamisha macho.

"Ni miye," Rosette alisema.

"Wale ba nyuma hawasikie," alisema Guylain.

"Ni miye. Congélateur yangu ndiyo iliharibisha."

Mtu alicheka. "Kumbe maman wa rozari ndiye anakulaka courant, umeme ya watu bote."

Guylain aliukata waya ulioleta umeme nyumbani kwa Rosette, akauzungusha begani, ndipo akapanda kilimani na kutia fyuzi. Taa ziliwaka, watu wakapiga makofi. Makofi hayajaisha, taa zikawa nyekundu, kisha nyeupe, kali, za kuumiza macho. Kitu kilipasuka nyumbani kwa Ezéchiel. Watu walikimbilia nyumba zao kuchomoa vyombo ukutani. Guylain alikuwa akishuka kuelekea barabarani, waya ule begani, wala hakugeuka.

Ezéchiel alitokea mlangoni pake, moshi nyuma yake.

"Maman Rosette," aliita mbele ya wote, "umeunganisha tena?"

Rosette aliitazama mikono yake, kama mtu asiye na hakika nayo.