Gari Lililokataa Kwenda Hija

"Ndugu, jamaa na majirani," alitangaza Pak Ngah Rusdi kutoka ngazi ya tatu ya nyumba ya mbao, mkono mmoja kifuani kama waziri anayezindua daraja, "leo mama yangu, baada ya kusubiri miaka kumi na saba, anakwenda kuhiji. Naye hatapanda gari la kupekechapekecha ufunguo. Atapanda gari linaloitika kwa kidole."

Akanyoosha rimoti, akabonyeza. Gari likaitika tii-tii, taa zikakonyeza. Pak Ngah akashuka kwa mwendo wa bwana harusi, akashika mpini wa mlango, akavuta.

Mlango haukufunguka.

Kando ya mtungi wa kunawia miguu alisimama Wafiyah, mpwa wake, mwanafunzi wa kidato cha tatu katika shule ya bweni yenye sifa kubwa, uso wake mtulivu kama wa mtu anayesikiliza hotuba ya mkuu wa shule. Mkono wake wa kulia ulikuwa mfukoni mwa gauni. Mfukoni mlikuwa na rimoti ya pili ya gari lile lile, ile ya akiba, aliyoikuta Jumatano kwenye droo ya vitambaa vya meza. Pak Ngah akifungua, yeye anafunga, na tii moja ya kufunga inamezwa na kelele za uani. Kazi hiyo ilihitaji subira na kidole chepesi, na bweni lilikuwa limemfunza vyote viwili.

Siku mbili mjomba wake alikuwa akitafuta dawa. Alibadilisha betri. Alisogeza gari mbali na mnara wa simu. Mtu akamwambia rimoti ikibanwa chini ya kidevu hupata nguvu za kichwa, akaibana. Na Wafiyah, kwa kuwa hakuwa mkatili, siku hiyo akaacha mlango ufunguke. Tangu hapo Pak Ngah alilikaribia gari lake akiwa ameinua kidevu, kama anayenyolewa. Kifunguo kidogo cha chuma kinachokaa ndani ya rimoti kwa siku ya dharura alikitumia kubanjua kifuniko cha betri, kikakatika.

Leo Wafiyah alikusudia mara moja tu. Moja ya kuagana.

"Weka kidevuni," alisema Mak Ngah, mke wa Pak Ngah.

"Nitaweka. Ngoja watu waangalie kwingine."

"Watu wamekuja kukuangalia wewe, bwana. Weka."

Wakacheka, hata Opah Rokiah mwenyewe, bibi yake Wafiyah, aliyekaa kwenye kiti uani, amevaa nguo nyeupe za safari. Mikoba yake yote ilikuwa imepakiwa garini tangu usiku: pasipoti, dawa za moyo, kitambulisho cha msafara. Ilikuwa saa tatu na nusu asubuhi. Kujiandikisha uwanja wa ndege kungefungwa saa nane, na njiani ni mwendo wa saa tatu nzima kama barabara kuu haina foleni. Mama yake Wafiyah, aliyekuwa asafiri pamoja na Opah, alikuwa anawasubiri huko.

Wafiyah alikuwa karibu kufungua alipoguswa bega.

"Wewe uliyesimama kama nguzo," alisema Mak Ngah, "nenda kwa Mak Jarah ukachukue wali wa kunata wa njiani. Haraka."

Akaenda mbio. Kwa Mak Jarah ni ng'ambo ya shamba la mipira, na Mak Jarah hakuwahi kutoa chakula bila kwanza kukifunga mara tatu kwa majani ya migomba na mara nne kwa maneno. Dakika ishirini zikapita. Aliporudi na kapu, kicheko kilikuwa kimekwisha uani.

Pak Ngah alikuwa amepiga magoti chini ya nyumba, kati ya nguzo zilizoiinua, akipapasa vumbi. Alikuwa ameibanjua rimoti kwa haraka, betri ikaruka, ikapita kati ya mbao za ngazi.

"Kuku wameimeza," alisema kutoka gizani.

"Kuku hawali betri," alisema Mak Ngah.

"Kuku wa mama wanakula hata misumari."

Lebai Marzuki, mzee wa msikiti aliyekuja kumwadhinia msafiri, alikuwa ameshika nyundo. "Rusdi, kioo kinanunuliwa. Toa ruhusa."

"Vunja cha nyuma," alisema Pak Ngah akitoka, goti jeupe kwa vumbi. "Kile kidogo."

"Asivunje mtu," alisema Opah.

Hakuinua sauti. Alikuwa ameinama, anavua viatu vyake vipya, kimoja, kisha cha pili. Akaviweka sambamba chini ya kiti.

"Mama, unafanya nini?"

"Siku tatu gari hili linakataa. Mimi ni mzee, Rusdi, lakini si kiziwi. Mtu haendi kule kwa sababu ana pasipoti. Anakwenda kwa sababu ameitwa. Mimi sijaitwa."

"Mama, ni betri."

"Baba yako naye tulimwambia ni kikohozi."

Tok Wan, mume wa Opah, alijiandikisha siku moja na mkewe, akafa mwaka wa tisa akiwa bado yumo foleni. Opah akikosa leo, nafasi yake anapewa mwingine. Naye alikuwa na miaka sabini na minne.

Wafiyah aliliweka kapu chini. Tiba ilikuwa mfukoni. Hakuna aliyemtazama. Akabonyeza.

Tii-tii. Milango ikafunguka kwa mlio ambao kila mtu aliusikia.

"Alhamdulillahi," alisema Lebai akiiweka nyundo chini. Pak Ngah aliitazama rimoti yake iliyopasuka vipande viwili mkononi, haina betri, na kwa mara ya kwanza tangu alinunue gari hilo hakuwa na la kutangaza.

"Limefunguka, mama. Twende, tutawahi."

Opah hakusogea. "Limefunguka lini?"

"Sasa hivi. Umeona mwenyewe."

"Limefunguka niliposema siendi. Bila betri. Limeridhika, Rusdi." Akatabasamu kwa uchovu. "Leteni mikoba yangu ndani."

Wafiyah akajua kwamba ameharibu mara ya pili, tena kwa kutengeneza. Katika bweni lao kosa lililofanywa hufutwa kimyakimya kabla ya gwaride, na hapo linahesabika halikufanyika. Hili halikufutika. Mak Ngah alikuwa tayari analia, anatoa mkoba mmoja. Saa ilikuwa tatu na dakika hamsini na tano.

"Kuna mtu nimemkosea sikumwomba radhi," Opah aliendelea, kana kwamba anajihesabia mwenyewe. "Ndugu zangu niliwaomba. Jarah nilimwomba, hata kwa ule ugomvi wetu wa bata. Nyinyi wote jana mlinipa mkono mmoja mmoja." Macho yake yakasimama. "Wafiyah sikumwomba. Jana alikuwa anaosha vyombo. Njoo, mjukuu wangu."

Miguu ilimpeleka yenyewe. Akapiga magoti mbele ya kiti, akaibusu mikono ya bibi yake kama desturi ilivyotaka.

"Nilikufokea ulipokwenda shule," Opah alisema. "Nilisema wewe ni mwiba. Nisamehe, mtoto. Nisamehe la wazi na la siri."

"Opah, usiniombe mimi."

"Nisipokuomba wewe nitamwomba nani?"

Akamvuta, akamkumbatia kwa nguvu zote za mikono yake myembamba, ubavu kwa ubavu.

Tii.

Gari likajifunga.

Watu wakageuka wakalitazama. Pak Ngah akanyanyua mikono yake miwili, kipande cha rimoti katika kila mkono, kuonyesha kwamba si yeye. Opah, aliyeshtuka, akambana mjukuu wake zaidi.

Tii-tii. Likafunguka.

Opah akamwachia polepole. Kiganja chake kikashuka mpaka kwenye mfuko wa gauni, kikakaa juu ya kile kitu kigumu.

"Hiki nini?"

Wafiyah alikuwa na majibu matatu yaliyokwisha kumwokoa mbele ya walimu watatu. Alifungua mdomo atumie la kwanza. Akaviona viatu chini ya kiti.

Akaitoa rimoti, akaiweka mapajani mwa bibi yake.

"Si ishara, Opah. Ni mimi. Tangu Jumatano. Pak Ngah akifungua, mimi nafunga."

Pak Ngah alishusha mikono yake na vipande vyake.

"Na leo?" aliuliza Pak Ngah.

"Leo pia. Na lilipofunguka sasa hivi bila betri, ni mimi vilevile. Hukukataliwa, Opah. Hakuna aliyekukataa. Nilikataa mimi."

"Kwa nini?" aliuliza Opah. Hakuwa anafoka. Alitaka kujua, kwa kuwa jibu lingempeleka ndani au barabarani.

Wafiyah alitafuta sababu yenye heshima kidogo, hakuipata.

"Nilitaka kumcheka Pak Ngah mara moja zaidi," alisema. "Hakuna kingine. Sikukuwaza kabisa."

Opah alinyoosha miguu mbele yake.

"Nivalishe," alisema.

Wafiyah alishika kamba za viatu huku Mak Ngah akirudisha mkoba garini, na wakati anafunga aliendelea kuungama makosa yake mengine, chinichini, bila kuulizwa, moja baada ya jingine.