Ukuta wa Chumba cha Nyuma

Kabla hakujapambazuka nilisikia kitu kikidondokea sanduku la bati: ta, kimya, kisha ta tena. Ilikuwa lipu ya chumba cha nyuma ikibanduka. Mjukuu wangu alikuwa ahamie humo wiki ile na kichanga chake, na akiba yangu ya kutengeneza chumba ilikuwa hiyohiyo moja. Nikikosea fundi, sina nyingine.

Fundi wa kwanza alichungulia akiwa mlangoni, akasema elfu arobaini. Wa pili, mwenye kipara, akasema tisini.

"Tisini!" nikamwambia. "Mwanangu, ufa wenyewe nimeupima kwa utepe wangu wa kushonea, haufiki hata mita mbili. Umekuja kutengeneza au kunichuna ngozi?"

Akacheka. "Bibi, ufa ni mdomo tu. Ugonjwa uko tumboni."

Akavua viatu, maana aliona nimetoka kupiga deki, akaanza kugonga ukuta kwa mpini wa mwiko. Ko, ko, ko, halafu pu. Kila palipolia pu, alizungushia chaki. Alipomaliza, nusu ya ukuta ilikuwa na chaki.

"Gonga mwenyewe, bibi."

Nikagonga. Pu. Lipu ilikuwa imeachana na tofali. Nimeshona nguo miaka thelathini. Najua kiraka juu ya kitambaa kilichooza hakikai. Yule wa arobaini angepaka rangi tu, na rahisi ni ghali.

"Haya, nieleze hizo tisini."

"Saruji, mchanga, siku mbili za kubandua na kupiga upya."

"Na faida?"

"Faida imo, bibi. Wanangu hawali mchanga."

Tukavutana mpaka themanini na tano na chai.

Siku ya pili aliniita. Alikuwa ametoboa kidogo karibu na kona, kwenye duara kubwa kuliko yote.

"Hapa nilikosea. Zamani palikuwa na dirisha, wakaliziba kwa mbao. Panalia kwa sababu ndani kuna uwazi, lakini mbao na lipu yake ni nzima. Nitaziba hili tundu tu. Toa kumi na tano."

Mimi nilikuwa jikoni. Angebandua na kupiga upya, nisingejua kitu. Nikamlipa sabini, na moyo wangu ukatulia, maana sasa nilijua kila shilingi imekwenda wapi.

Mjukuu alipofika, lipu ilikuwa imekauka. Aliupapasa ukuta, akamlaza mtoto kitandani kando yake bila kuniuliza neno. Fundi alikuwa amepita kuikagua kazi yake, akachungulia kitandani na kunong'ona, "Mpangaji huyu hana kelele."

Nikamsindikiza hadi nje.

"Nawe ufike kwangu, bibi," akasema. "Mama yangu anapenda watu wa mazungumzo. Ila ukifika, kuta usizigonge. Mganga hajigangi."